Pua ya Mama Mkwe

Mama mkwe alihamia kwangu na pua yake. Wali wangu ukamnukia mafuta ya taa. Chai, mafuta ya taa. Akamwambia mwanawe anirudishe kwetu kabla sijawaua wote. Mume wangu, ambaye hasikii harufu hata ya soksi zake, akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Iliniuma, sifichi.

Ndipo akaja mhandisi wa mfuko wa serikali wa kusafisha mafuta yaliyomwagika na kufukua matangi ya zamani. Mtaani kwetu palikuwa na kituo cha mafuta, tangi likasahaulika ardhini, na mahali lilipo hapajulikani. Kipima harufu chake kilizimika. Mfuko ulilipia katapila, lakini betri hazikuwemo kwenye bajeti.

"Hapa pananuka tangu nije," mama mkwe akasema mlangoni.

Mhandisi nusura amkumbatie. Akambandika namba ya vifaa vya serikali begani, na kwa kuwa kifaa cha serikali hakilali uraiani, jioni akafungiwa boharini pamoja na pampu. Mume wangu alipolalamika, mtunza bohari alimwambia vifaa haviazimishwi. Nikawa nampelekea mama mkwe chakula. Anakirudisha. Mafuta ya taa.

Siku ya kazi alitambaa mtaa mzima, wahandisi nyuma yake, hadi kando ya kisima chetu. Katapila likachimba. Tangi likatoka limeoza, linavujia kisimani.

"Kwa hiyo harufu ni ya nini?" mhandisi akamuuliza, majirani wamejaa. Akilitaja jiko langu, nafunga virago.

Alinusa tangi. Akaninusa mimi, kichwa hadi miguu.

"Tangi," akasema kwa shingo upande.

Nililia palepale, mwiko mkononi.

Kisima kiliposafishwa nikampikia wali, nikampelekea boharini, maana mhandisi alishapanga kumhamishia mkoa mwingine. Alikula wote. Mhandisi akamuuliza ananusa nini.

"Sisikii kitu."

Akamsogezea debe la petroli.

"Sisikii kitu, baba."

Mhandisi akahuzunika kweli. Akabandua namba, akamtangaza kifaa kibovu, akaturuhusu tuondoke naye.

Njiani mama mkwe alinishika mkono, kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "wali umeungua. Lakini hayo yanaihusu nini serikali?"