Mguu Wenyewe Haujasamehe

Gari lilimgonga Bi Pindo asubuhi kweupe, mbele ya duka la simu, akiwa amebeba nguo za wateja. Lilipunguza mwendo kidogo, kama mtu anayejishauri, kisha likatimua. Nguo zilisalimika. Mguu wake wa kulia ulivunjika juu ya kifundo na chini ya goti.

Jina la Bi Pindo alipewa na wateja. Akikuona unaburuza suruali barabarani, hakusubiri salamu: "Pita kwangu nikupindie, utaanguka!" Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na mguu wa kukanyagia ndio huo uliovunjika. Alipotoka hospitali alihamia kwa mdogo wake, chumba cha uani, cherehani imefunikwa shuka kama maiti.

"Yaliyopita si ndwele, shemeji," mume wa mdogo wake alimwambia. "Mungu atalipa."

"Mungu atalipa dhambi. Fidia atalipa mwenye gari."

Akachukua magongo yake, akaenda polisi.

"Gari la rangi gani?" afande aliuliza.

"Jeupe."

Afande akaweka kalamu chini. "Mama, nikikamata magari meupe yote ya mji huu, hata mkuu wangu atatembea kwa miguu."

"Afadhali yeye anayo ya kutembelea," Bi Pindo alijibu. "Nikikuletea namba, utafanya kazi?"

"Lete namba, mama."

Juu ya mlango wa duka la simu palikuwa na kamera. Mwenye duka, kijana mpole asiyependa makuu, alikataa hata kuitazama. "Hiyo ni pambo tu, haifanyi kazi."

"Pambo gani linakonyeza?" Bi Pindo aliuliza, maana kitaa chekundu kilikuwa kinawaka na kuzima.

Kijana akaanza kufuta kioo kilichokwisha kufutwa. Bi Pindo akavuta kiti cha wateja, akaketi, akanyoosha mguu wenye plasta hadi katikati ya njia. Kesho yake alirudi, na keshokutwa, na wiki ikapinduka. Kila aliyeingia kununua chaja alilazimika kuuruka ule mguu, na kila aliyeuruka aliuliza, "Pole mama, umepatwa na nini?" Basi akasimuliwa mwanzo hadi mwisho, na mwisho ulikuwa mmoja: "Kamera ile pale iliona yote, lakini mwenyewe anasema ni kipofu."

Wateja wakaanza kumtazama kijana kwa jicho la pembeni. Mwishowe akafunga mlango, akaketi sakafuni karibu naye.

"Mama, si ubaya. Ni mtu wa mtaa huu huu. Mwanangu ana pumu, na yeye ndiye ananikopesha dawa."

Akawasha kompyuta. Gari likapita, mwanamke akaanguka, dereva akateremsha kioo na kutoa kichwa kutazama nyuma. Namba ilisomeka. Lakini Bi Pindo hakuwa akiitazama namba. Alikuwa akiutazama uso wa dereva: ni mfamasia wa pale kona, yule aliyekuwa akimuuzia dawa za maumivu tangu atoke hospitali, tena kwa kumpunguzia, huku akitikisa kichwa: "Pole sana, mama yangu. Watu hawana utu siku hizi."

Dawa zake zilikuwa mkobani. Akaikalia mikono yake. Aliogopa akisimama wakati huo angekwenda kona na gongo, akaharibu haki yake kwa mikono yake mwenyewe. Alipotulia akasema, "Mpigie afande. Mwambie namba imepatikana."

Mfamasia alipohojiwa alikiri, akaachiwa kwa dhamana. Jumapili yake alikuja na mama yake mzazi, bibi mnyenyekevu aliyetaka hata kupiga magoti. Bi Pindo akamzuia kwa gongo.

"Usinipigie magoti, mama. Wewe hukuendesha."

"Niliogopa," mfamasia alisema, macho chini. "Kila ulipokuja dukani nilitaka kukwambia. Tuyamalize hapa nyumbani, nitakupa cha mkononi. Nisamehe."

Shemeji alikohoa kikohozi cha kusema kubali. Bi Pindo hakumgeukia.

"Mimi nimekusamehe. Mguu wenyewe ndio haujasamehe. Unataka upasuaji wa pili, na gari lako lina bima. Twende huko."

Bima nao hawakuwa wepesi. Walisema alivuka bila kutazama. Akapata wakili wa msaada wa kisheria, binti mwenye sauti ndogo na shingo ngumu, wakaenda mahakamani. Kesi ikaahirishwa tena na tena hadi mdogo wake akachoka kumsindikiza. Akaenda peke yake. Siku ya ushahidi picha ilionyeshwa ukutani: mwanamke amesimama, anatazama kulia, anatazama kushoto, ndipo anavuka. Mwenye duka la simu alisimama akathibitisha kuwa kamera ni yake. Mfamasia naye, alipoulizwa, hakukana neno.

Hakimu akaamuru alipwe gharama za matibabu na kipato alichopoteza. Upasuaji ulifanyika. Mguu haukurudi kama zamani. Anachechemea, na siku za baridi unamkumbusha. Lakini cherehani imefunuliwa, na fundi umeme ameifungia mota, inakwenda kwa kuguswa na kidole gumba cha mguu.

"Sasa shemeji," mume wa mdogo wake alisema, ameshika suruali yake mpya, "hii utanipindia bure?"

"Bure?" Bi Pindo alicheka, akaipokea. "Yaliyopita si ndwele. Lete hapa."