Jogoo wa Kuonyesha Wakwe

Nelima alinunua kitu cha shughuli mara moja tu maishani mwake, na alijuta. Ilikuwa sufuria ya kupikia umati mzima, ya harambee ya dada yake. Ilipika siku moja, kisha ikaingia chini ya kitanda ikawa nyumba ya mende. Kila alipoisukuma kwa mguu ili apate pa kuweka viatu, alisonya. Tangu hapo akaapa: kitu usichokitumia kila wiki, kodi. Ngazi, kodi. Mashine ya kutoboa ukuta, kodi. Koti la mazishi ndiyo kabisa, maana nani anataka kulala chumba kimoja na koti la mazishi?

"Nyumba zetu mnazijua," aliwaambia wateja wake Soko la Toi, akipunguza suruali za mitumba kwa cherehani. "Ukinunua kila kitu, wewe utalala wapi?"

Kwa hiyo binti yake Hope alipotangaza kwamba Tonny analeta watu wake Jumamosi, Nelima hakukanyaga duka lolote. Alipanda mpaka kituo cha Kawangware 56 kwa Gichuru, ambaye kibanda chake hakiuzi hata kijiko. Watu humwachia Gichuru vitu vyao vilivyolala bure, yeye anavikodisha, halafu wanagawana kinachopatikana. Nelima akachagua viti vya sofa, mapazia, chupa za chai na sahani za maua. Alikuwa anaondoka alipomwona jogoo.

Na jogoo alikuwa jogoo! Mwekundu, mkia mweusi unaometameta, amefungwa mguu kwenye ngazi na anawakagua wateja kama askari wa getini.

"Huyu naye anauzwa?" Nelima aliuliza.

"Hapa hakuna kuuza, mathe," alisema Gichuru. "Huyo ni wa mama fulani wa hapa mtaani. Wenye kuku majike ndio humkodi. Lakini mwenyewe amekaza: arudi hai, na mkia wote."

Nelima akasimama akifikiri. Kwao Wabukusu, mgeni wa heshima huonyeshwa kuku akiwa hai kabla ya kuchinjwa, ili ajue hapakuliwi kiporo kwa ajili yake. Kununua jogoo wa namna ile hakuweza. Lakini kuonyesha si kuchinja! Angewaonyesha wakwe huyu, kisha awapakulie kuku wa Toi, aliyechinjwa tayari na kutokoteshwa jikoni tangu asubuhi. Wazo lenyewe lilimchekesha mpaka Gichuru akamletea kiti.

"Mum, hiyo ni noma," alisema Hope aliposikia. "Na wakijua?"

"Nani atawaambia? Jogoo?"

Hope hakucheka. Tonny alikwisha kumnong'oneza kwamba mamake, Akeyo, aliyemlea peke yake, hajasema ndiyo wala la. Alitaka kwanza kuiona nyumba na kumwona mama wa msichana. Nelima alilijua hilo, na ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

Jumamosi wakafika kwa Nelima, Soweto East: Tonny akitiririka jasho ndani ya suti, Akeyo, mama mnene mwenye kofia ya buluu, na mjomba Nashon, aliyeletwa kuongea lakini macho yake yalikuwa yakitafuta jiko. Wakaketi. Viti vikawapokea vizuri. Nelima akampigia jirani yake kelele, "Wakoli! Lete kuku wa wageni!"

Wakoli akaingia amembeba jogoo mikononi kama mtoto wa kubatizwa. Nashon akapiga makofi. Lakini tabasamu la Akeyo lilizimika pale pale.

"Huyu... huyu ndiye mnachinja?"

"Ndiye huyo, mkwe. Kwa heshima yenu."

Akeyo akafungua kinywa. Akamtazama Hope, aliyesimama na jagi la maji akingoja kuwanawisha. Akafunga kinywa.

Nyuma ya nyumba Wakoli alimfungua jogoo kamba, akaitoa ile sufuria ya harambee nje na kumfunika nayo. Giza likamdanganya jogoo kwamba ni usiku, akanyamaza. Ndani chai ilinyweka taratibu, na Nashon akaomba sala iliyozunguka kuanzia Kisumu mpaka Yerusalemu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa chakula kilipofika. Nashon akapewa firigisi, sehemu ya mkubwa wa msafara, akaitafuna akiwa amefumba macho kwa utamu.

Akeyo hakugusa kitu. Alilitazama paja la kuku kwenye sahani yake, na chozi likamtoka, kweli kabisa, likashuka mpaka kidevuni.

Nelima akaweka upawa chini. Amejua kuku ni mzee wa Toi? Ameona mapazia hayafiki chini? Basi kwisha, alijiambia, nimemharibia mwanangu kwa ujanja wangu.

"Mkwe, ni chumvi?"

"La, mama. Tumbo tu. Labda mnipe uji kidogo."

"Wakoli!" Nelima aliita, sauti ikipanda. "Injika uji wa mgeni, haraka!"

Wakoli alitazama huku na huku. Sufuria zote za jikoni zilikuwa na ugali, mboga na supu. Ilibaki moja tu, ile kubwa. Kwa haraka akasahau kilicho chini yake, akaiinua.

"Kokoriiikooo!"

Nyumba nzima ikaganda. Nashon alisimamisha taya, firigisi nusu iko ndani.

"Huyo ni wa jirani," alisema Nelima.

"Kokoriiikooo!"

"Chifu!" Akeyo aliruka kutoka kwenye sofa, kofia ikaruka upande wake, akatoka mbio akipita juu ya miguu ya Nashon. Walipomfikia huko nyuma alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, amemkumbatia jogoo, analia na kucheka kwa pamoja. "Yaye, Chifu wangu! Mko hai, wewe na mkia wako!"

"Mkwe, unamjua?" Nelima aliuliza.

"Nisimjue vipi? Ni wangu! Mimi ndiye namwachaga kwa Gichuru!"

Nelima alitaka kuomba msamaha, lakini kilichotoka ni kicheko, kikamkaba, akashikilia ukuta. Akeyo akaelekeza kidole ndani ya nyumba.

"Na vile viti?"

"Gichuru."

"Mapazia?"

"Gichuru!"

Akeyo akaokota kofia yake ya buluu, akaipangusa vumbi. "Gichuru," alisema kwa unyenyekevu. Tonny akashika kola ya suti. "Gichuru pia." Wote wakamgeukia Nashon, aliyesema kwa fahari kwamba nguo zake ni zake mwenyewe, kisha akafikiri kidogo na kuongeza kwamba labda mkanda.

Wakacheka mpaka Wakoli akakaa chini. Nelima alipopata pumzi, akauliza kilichokuwa kikimchoma.

"Lakini mkwe, ulimwona akipelekwa kuchinjwa. Ukaketi, ukapakuliwa. Mbona hukusema?"

Akeyo alimlainisha Chifu manyoya ya shingo. "Ningesemaje, mama? Mbele ya mjomba, mbele ya msichana? Ningekuaibisha kwa nyumba yako. Nikajiambia, jogoo nitapata mwingine. Hope mwingine sitapata."

Nelima alichuchumaa pale vumbini, akamshika Akeyo mkono na kukaa naye hivyo, akifuta macho kwa leso.

"Sasa hii firigisi nimekula ni ya nani?" aliuliza Nashon.

"Ya Toi," alisema Hope.

"Ilikuwa tamu."

"Basi nileteeni sahani yangu," alisema Akeyo akiinuka, jogoo kwapani. "Nina njaa ya tangu jana." Mlangoni akasimama, akaigonga ile sufuria kubwa kwa kidole na kuisikiliza inavyolia. "Na hii? Ya Gichuru?"

"Hapana," alisema Nelima. "Hiyo ni yangu."

"Isugue vizuri," alisema Akeyo. "Ndiyo tutapikia pilau ya harusi."