Tangazo la Tatu

Muderhwa alirudi Kamembe mwezi wa saba mwaka 2001, miaka minne na miezi mitatu baada ya redio kutangaza kifo chake. Jambo la kwanza alilofanya ni kupiga hodi kwenye mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mkewe, Nabintu, alipofungua, alishikilia mlango. Hakupiga kelele. Majirani ndio waliopiga, na wengine walitimua mbio kabisa, watu wazima na ndevu zao.

Mtu akirudi kutoka kwa wafu, watu hula na kunywa. Walikula, walikunywa, siku ya pili wakarudi makwao. Hapo ndipo Nabintu alipogundua kwamba aliyerudi hajarudi. Mumewe alipiga hodi kila alipoingia, hata akitoka chooni. Hakugusa chakula mpaka aambiwe karibu. Alipotaka nguo zake za zamani, aliuliza kama shati la marehemu bado lipo. Na kila siku saa sita na nusu mchana, saa ya matangazo ya vifo, alikaa uani na redio mapajani, akauondoa mshale kwenye stesheni, akasikiliza mvumo mtupu.

Ni lazima nieleze kidogo. Pande hizi, Bukavu na ng'ambo yake huku kwetu Kamembe, mtu hafi mpaka redio iseme. Tangazo husomwa mara tatu, jioni, asubuhi na mchana, na hutaja jina la marehemu, mjane, watoto, na ndugu walioko Uvira, Goma na Kigali ili habari ziwafikie. Muderhwa alikuwa amekwenda Kisangani na marobota ya vitenge, vita vikamkuta huko. Ikapita miezi minane bila neno. Kaka yake, Mukengere, akasema inatosha, kifo kitangazwe, matanga yakaliwe, mjane apumzike. Nabintu akaliandika tangazo kwa mkono wake.

Lilisomwa jioni kwenye redio moja ya FM ya Bukavu. Likasomwa tena asubuhi. Saa tatu asubuhi hiyo hiyo akaja Honorine, mchuuzi wa sambaza, vile vidagaa vya ziwani, akitokea Kalehe. Akamvuta Nabintu nyuma ya jiko na kumwambia amemwona mwanamume kitandani kwenye zahanati ya huko. Amekonda, amebaki mifupa, lakini kovu la shavuni ni lile lile la Muderhwa. Nabintu akampelekea shemeji yake habari. Mukengere alijibu kwamba macho ya watu huona mengi, na wageni wako njiani tayari, sufuria ziko motoni, wataambiwa nini? Tangazo la tatu lilikuwa la saa sita na nusu. Kutoka pale mpaka daraja la Ruzizi la kuvukia Bukavu, na kutoka darajani mpaka redioni, Nabintu angefika na muda ukabaki. Aliona aibu, basi. Alijifunga kitambaa kichwani, akaketi mkekani pamoja na wanaolia, na likasomwa.

Hilo la tatu ndilo Muderhwa alilolisikia. Alimsimulia mkewe mwenyewe, bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililomtisha Nabintu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa na redio. Muderhwa akasikia jina lake, la mkewe, majina ya watoto wake, akatazama mikono yake. Nesi akasema maskini, huyo ameacha watoto wadogo. Alitaka kusema ni mimi huyo, sauti haikutoka. Alipopata nguvu za kutembea hakuja nyumbani. Alishika njia ya machimbo, kule Shabunda, akaishi kwa jina jingine, maana nyumbani walikuwa wameshamaliza naye.

Nabintu alimsikiliza mpaka mwisho, asiseme kwamba alijua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo aliijua vizuri kuliko mimi na wewe. Lakini kila alipofungua kinywa aliona zile sufuria motoni, akakifunga. Badala ya kusema, alivuka daraja akaandikisha tangazo jingine: Muderhwa ni mzima, amerudi kwake Kamembe, waliomlilia wafute machozi. Lilisomwa mara tatu, kama lile la kwanza. Alitumaini litamtoa mumewe kule aliko.

Muderhwa aliyasikiliza yote matatu, ameinamisha kichwa kama aliye kanisani. Kisha akaikunja antena, akamwambia mkewe waende kwa Mzee Swedi.

Mzee Swedi alikuwa fundi redio wa Kiislamu, mwenye kibanda nyuma ya soko, na alikuwa na kasoro moja mbaya sana kwa fundi: hakujua kudanganya. Muderhwa alimwuliza sauti ya redio huishia wapi. Mzee alifurahi, kwa kuwa watu humwuliza tu redio itakuwa tayari lini. Akaeleza kwamba mawimbi mafupi, yale ya nchi za mbali, hupanda yakagonga kama dari huko juu, yakarudi chini. Haya ya FM hayagongi kitu, hutoboa yakaenda zake. Kwa sekunde moja na kidogo yameupita mwezi, kwa dakika nane yamelipita jua, na nyota iliyo jirani yetu kuliko zote huifikia kwa miaka minne na miezi mitatu hivi.

Nabintu alihesabu kwa vidole chini ya kitenge. Tangazo la kifo lilikuwa linaifikia mwezi huo huo.

"Ile ya kifo yangu," Muderhwa akauliza, "bado iko naenda?"

Mzee akamjibu kwa neno la heshima analoitwa mwanamume yeyote: "Iko naenda, papa. Imekuwa kidogo sana, sawa na chumvi ya vidole mbili mu ziwa yote ya Kivu. Hakuna mwenye ataionja. Lakini haikupotea."

"Na hii ya juzi itaifikia siku gani?"

Mzee Swedi akaweka chini chuma chake cha kulehemu. Nabintu alimkazia macho, akimwomba kwa moyo wote aseme uongo siku hiyo moja tu.

"Haitaifikia," mzee akasema. "Zote ziko na mbio moja. Ile ilitangulia miaka ine, itatangulia miaka ine mpaka mwisho."

Muderhwa akamshukuru kwa upole, kama mtu aliyeonyeshwa njia. Walipokuwa wakipanda kilima kurudi nyumbani, alizungumza kuliko siku zote tangu arudi. Alisema sasa ameelewa: kila mahali matangazo hayo yanapofika, yeye hufa kwanza, na hakuna mahali popote atakapoanza kwa kuwa hai. Ziwa lilikuwa chini yao, Bukavu ng'ambo, jua la mchana limewaka. Nabintu aliona mtu wake anakwenda, na ni yeye mwenyewe aliyemsukuma. Akasimama.

"Ile ya tatu," akasema, "nilijua uko muzima. Honorine alinijulisha asubuhi. Nilisikia aibu juu ya bageni."

Muderhwa hakukasirika. Laiti angekasirika. Aliuliza ilikuwa saa ngapi alipojulishwa, akajibiwa saa tatu. Akatazama ziwa, midomo ikicheza kama mtu anayepima mwendo wa kutoka mahali mpaka mahali. Hatimaye akavua kofia, akaubana mkono wa mkewe ndani ya mikono yake miwili, vile wanaume wanavyoushika mkono wa mjane penye matanga.

"Pole sana, maman," akasema. "Bwana yako alikuwa muntu muzuri."

Na mdomo wa Nabintu, uliokuwa umeyajibu maneno hayo miaka minne, ukajibu kabla moyo haujauzuia.

"Asante, papa."