Anjelina Anasuka Mota

Kwa miaka ishirini na minne Anjelina alisuka vichwa vya wanawake wa Tandika. Alitoka Masasi akiwa binti, akaanza kusukia kwenye jamvi kibarazani kwa shangazi yake, mpaka akapata saluni ya chumba kimoja yenye viti vitatu. Kuna mabibi harusi aliowasuka, kisha akaja kuwasuka na binti zao. Alikuwa na miaka arobaini na sita miguu ilipomgomea.

Ilianza kwa kuvimba jioni. Baadaye mishipa ikatutumka nyuma ya magoti, na Jumamosi moja, mteja akiwa nusu kichwa, Anjelina alianguka na kitana mkononi.

"Mama, kazi ya kusimama kutwa basi," daktari alimwambia. "Ukiendelea, safari ijayo utaletwa kwa machela."

"Sasa nifanye kazi gani?"

"Yoyote ya kukaa."

Mumewe, Wilfred, mwalimu wa shule ya msingi, alishauri afungue genge la mboga. Wifi yake akashauri auze vitenge. Walimtakia mema, naye aliitikia kwa kichwa, lakini moyoni alihisi kama anaagwa. Genge halikuwa aibu. Ila vidole vyake vilijua kitu, na katika mashauri yote hakuna aliyevitaja.

Saluni alimwachia msaidizi wake, Hamida. Kabla ya kumkabidhi alitaka kila kitu kiwe kizima, kwa hiyo akabeba feni iliyoungua mpaka Chang'ombe, kwenye karakana ya fundi mota anayeitwa Gibson. Huyo Gibson alikuwa Mnyakyusa wa miaka thelathini na moja, hodari wa kazi na mwepesi wa hasira.

"Shikamoo mama. Kaa hapo, namalizia hii."

"Marahaba, mwanangu."

Anjelina akakaa, akatazama. Kijana alikuwa anaingiza mafungu ya waya wa shaba, kopa kama waitavyo mafundi, kwenye matundu membamba ndani ya mota. Kila akilibana fungu hapa, linafumuka kule. Alinuna, akasonya, akarudia. Anjelina alivumilia weee, akashindwa.

"Unazibana zote kwa mpigo, ndiyo maana zinakataa. Zigawe kidogo kidogo."

"Mama, hizi siyo nywele."

"Naona. Zingekuwa nywele, mteja angeshakuzaba kofi."

Gibson alicheka, akamsogezea mota. "Haya, tuoneshe."

Anjelina aliligawa fungu, akalilaza kwa dole gumba huku kidole kingine kikizuia nyuma, kama alivyofanya siku zote za utu uzima wake. Waya zikalala. Gibson aliacha kucheka.

Kesho yake Anjelina alirudi bila feni.

"Nifundishe," alisema.

"Mama, we ni kama mama yangu."

"Mama yako anajua kusuka?"

"Hajui."

"Basi mie nina nafuu."

Ndivyo alivyoanza. Na wakawa na utaratibu wao wa ajabu: kila asubuhi mwalimu alimwamkia mwanafunzi kwa adabu zote, halafu akamgombeza. "Shikamoo mama." "Marahaba." "Jana umeruka tundu. Fumua yote."

Akafumua. Alijifunza kuhesabu mizunguko ya waya bila kupoteza hesabu mtu akimsemesha, kutanguliza karatasi ya kuzuia shoti, kupaka vanishi, kusoma mita. Aliishia darasa la saba, kwa hiyo kila kitu alikiandika kwenye daftari, kwa michoro yake mwenyewe ambayo Gibson hakuielewa hata kidogo.

Wilfred hakufurahi. "Watu wananiuliza, mke wako anashinda karakana na vijana, anafanya nini?"

"Waambie anasuka," alijibu Anjelina.

Mwezi wa tatu wa mafunzo Gibson alimpa mota ya kwanza ya kufanya peke yake, ya mashine ya kusaga. Kwa kuitazama, aliimaliza vizuri. Walipoiwasha ikaguna, ikatetemeka, ikatoa moshi mweusi. Vijana wa karakana za jirani walikusanyika.

"Mama kaunguza rasta!" mmoja alipiga kelele, na mtaa mzima ukacheka.

Anjelina alikwenda nyuma, akakaa juu ya vyuma chakavu, akalia. Alijiona mjinga. Mtu mzima, mama wa watu, kujitia kwenye mambo ya watoto. Akaanza kuwazia lile genge: angeliweka wapi, nyanya angezichukua kwa nani.

Gibson alimfuata. Akasema, "Shikamoo mama."

"Ulishaniamkia asubuhi."

"Mie niliunguza tano ndiyo moja ikazunguka. We umeunguza moja tu, unalia." Akamnyooshea koleo. "Twende ukafumue."

Jioni Wilfred aliona vidole vya mkewe vilivyochanwa na kopa. "Kwa hiyo unaacha?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya ubishi tena.

"Nilikosea kugawanya mizunguko. Nisaidie hesabu."

Wilfred alimtazama kidogo, kisha akavuta kiti. Tangu siku hiyo, baada ya kula, mwalimu alikuwa na mwanafunzi nyumbani, na kule shuleni akiulizwa habari za mkewe alijibu bila kutazama chini.

Mwaka ulikaribia kuisha Gibson alipofiwa na baba yake mdogo, akasafiri kwenda Tukuyu. Siku ya pili ya safari yake, pikapu ilisimama mbele ya karakana. Alishuka mwanamume mrefu, Nikodemu, msimamizi wa kisima cha mtaa huko Pugu.

"Fundi yuko wapi?"

"Amekwenda msibani. Karibu, mimi nipo."

Nikodemu alichungulia nyuma yake kama anatafuta mtu mwingine. "Mama, hii ni mota ya pampu ya maji. Kaya mia mbili zinaitegemea, na zahanati. Leo siku ya nne hatuna maji. Mafundi wawili wameikataa."

"Ishushe niione."

Aliishusha shingo upande. Anjelina aliifungua, akaelewa kwa nini wenzake waliikataa. Kuna fundi alikwishakata waya bila kuhesabu mizunguko, na bila hesabu hiyo hakuna wa kujua isukwe vipi. Akapekua taratibu. Chini kabisa, palipoungua kidogo, koili moja, yaani fungu la waya, ilibaki nzima na ya kuhesabika. Akampigia Gibson simu.

"Kuna koili moja haijakatwa," alimwambia.

"Umeihesabu?"

"Nimeihesabu mara tatu."

"Sasa mama unanipigia simu ya nini? Suka."

Alikaa kwenye kigoda siku mbili. Alikata karatasi, akasuka, akafunga, akapaka vanishi, akaiacha ikauke. Akaipima kwa mita, akaipima tena. Wale vijana wa jirani walipita mmoja mmoja kuchungulia, safari hii bila maneno.

Pugu aliwakuta watu wamejipanga na ndoo. Wanawake walimwangalia anavyoteremka kwenye pikapu na mfuko wa vifaa begani, wakatazama kama kuna mtu mwingine anashuka. Hakukuwepo. Anjelina aliifunga mota kwenye pampu, akaunganisha nyaya, akamwambia Nikodemu awashe.

Mota ilizunguka. Sauti ilikuwa laini, haina mguno. Watu walisogeza ndoo. Wakangoja. Bombani hayakutoka maji ila matone mawili matatu na hewa.

"Si nilisema!" mzee mmoja alinung'unika.

"Nyie, muacheni mwenzenu afanye kazi," mwanamke mmoja alijibu.

Anjelina aliukumbuka moshi, akakumbuka kicheko. Kisha akajilazimisha kutazama, kutazama tu, kama alivyozoea kutazama kichwa kabla hajakigusa. Mota haikuwa na joto. Haikunuka. Akainama mpaka kwenye feni ndogo ya nyuma ya mota, akaona mshale uliochorwa kwenye pampu unaelekea kulia, na feni inakwenda kushoto.

"Zima!"

"Imeungua?" Nikodemu aliuliza, uso umemshuka.

"Nzima kabisa. Inazunguka kinyumenyume."

Akahakikisha umeme umekatwa, akafungua kiboksi cha nyaya, akazibadilisha mbili nafasi, hii pale na ile hapa, ili mota izunguke upande wa pili. Kazi ya dakika tano.

"Washa sasa."

Bomba lilikohoa, likatema kutu, kisha maji yakatoka kwa nguvu hata ndoo ya kwanza ikapinduka. Vigelegele vikapasuka. Mwanamke aliyemtetea alimkumbatia, akamlowesha mgongo mzima. Yule mzee alijaza dumu lake, akaja mbele yake, akavua kofia.

"Hongera, fundi," alisema.

Fundi. Anjelina aliwahi kuitwa dada, mama, anti, msusi wetu. Hili hakuwahi kuitwa. Akacheka, kicheko kirefu kilichotoka tumboni, akiwa amekaa kwenye ukingo wa kisima na miguu yake ikipigwa na maji baridi.

Gibson aliporudi alikuta mota nne zimeletwa kutoka Pugu, na wenyewe waliacha vikaratasi vya maagizo kwamba asiziguse yeye. Akasoma vikaratasi, akatikisa kichwa. Wiki hiyohiyo alivunja ukuta wa nyuma kuongeza nafasi, na wakaandikishana kuwa washirika, Wilfred akiwa shahidi.

Sasa hivi simu za kazi zinaingia kwa Anjelina moja kwa moja. Juzi alipiga mtu wa Bunju, sauti ya haraka.

"Halo, naomba kuongea na fundi mota."

"Unaongea naye."

"Hapana mama, namtaka fundi mwenyewe."

"Ndiye mie, kaka. Mota yako inasumbua nini?"

Yule mtu akaanza kueleza, na Anjelina akafungua daftari.