Jozi ya Sita

Mume wangu Elkanah, fundi mapipa, alifariki Jumanne, na kufikia Alhamisi sikuwa na mtu wa kumbeba.

Kosa ni langu. Hapa Boston wabeba jeneza hawaalikwi kwa mdomo. Kila mmoja hupelekewa jozi ya glavu, naye huja mazikoni amezivaa. Elkanah alikuwa na jozi sita za London sandukuni, alizozinunua miaka mingi kabla ya ugomvi huu wa kodi na Mfalme, na majina ya rafiki zake sita alinitajia mwenyewe. Nikazituma. Nilijua mji mzima umeapa kutogusa kitu cha Uingereza, lakini nilijiambia hizi ni za zamani, nani atauliza? Akili za mjane hizo.

Kufikia adhuhuri jozi tano zilikuwa zimerudishwa, zimeachwa kizingitini bila hata hodi. Watu waliokula mezani kwangu miaka ishirini. Niliumia, sifichi.

Ya sita ilikuwa ya Barzillai, fundi viatu, aliyekua pamoja na Elkanah tangu utotoni. Huyo alikuja, kwa mlango wa uani.

"Shemeji, wakilichapa jina langu gazetini kuwa msaliti, nani atanunua viatu vyangu?"

"Basi njoo mikono mitupu."

"Wameshaona glavu zikiingia kwangu. Nikionekana tu, wamenipata."

"Kwa hiyo nimbebe mimi mgongoni?"

Aliondoka, na kwa haraka zake akasahau kunirudishia glavu.

Waliobisha hodi ni askari wa Mfalme waliopanga ng'ambo ya barabara. Wanne, makoti mekundu, vijana wa watu, wakajitolea kumbeba. Elkanah hakuwahi kuwauzia hata ndoo. Nilisimama mlangoni kitambo, maiti iko nyuma yangu, kisha nikawapa glavu. Njia nzima nilimwomba mume wangu radhi, kwa sauti, maana sikuwa na mwingine wa kuzungumza naye. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Nje ya ukuta wa makaburi Barzillai alisimama peke yake, mikono ndani ya koti. Udongo ulipoanza kumwagwa alivua kofia, nikaiona mikono yake. Alikuwa amezivaa zile glavu.

Tulitazamana, akairudisha mikono kotini. Mpaka leo tukikutana sokoni hunipita kama hanijui, nami namwacha apite.