Maji ya Matairi ya Nyuma

Jumatatu ile trakta ilikaribia kumtupa Aol chini. Alikuwa amejaza udongo kwenye beleshi la chuma la mbele, akaliinua ili avuke mfereji, mara akahisi nyuma kumekuwa kwepesi. Tairi moja la nyuma likaacha ardhi. Alishusha beleshi upesi, trakta ikatua kwa kishindo, naye akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili akisikiliza moyo wake. Hakupiga kelele. Alikuwa ameendesha magari ya polisi miaka ishirini na saba kabla ya kustaafu, na siku hizi hata kuogopa kulimchosha.

Kazi hii aliipata katika shule moja ya bweni kwenye mteremko wa Makindye, jijini Kampala. Mvua za mwezi uliopita zilikuwa zimeporomosha kilima mpaka nyuma ya madarasa, na kila siku tangu hapo Aol alizoa udongo asubuhi na kubeba taka mchana. Trakta yenyewe ilikuwa ndogo, imenunuliwa ikiwa imetumika huko Japani, nyepesi kama kitu cha kuchezea. Magoti ya Aol yalikuwa yanamuuma kila alipokanyaga klachi.

Alikwenda ofisini kwa Guerschom, meneja wa shule, Mkongo mwenye simu tatu na macho ya mtu asiyelala.

"Bosi, ile trakta inainuka nyuma. Iko siku itaniangukia."

"Madamu Aol, endesha polepole tu."

"Hata ikienda polepole inainuka. Nyuma haina uzito."

Guerschom alisema vyuma vya uzito vya kufunga kwenye magurudumu vilishaulizwa, na havipatikani kwa trakta ya aina hiyo. Simu moja ikaanza kulia. Aol akajua mazungumzo yamekwisha.

Aliyemsaidia alikuwa Nashon, fundi wa matairi mwenye kibanda chini ya barabara, Mkenya wa Homa Bay aliyekaa Kampala mpaka Kiluo chake kikaanza kuchanganyika na Kiganda. Alipanda kilima Jumatano, akaizunguka trakta mara mbili, akagonga tairi la nyuma kwa ngumi.

"Mama, humu ndani kuna upepo mtupu. Tutie maji."

"Maji ndani ya tairi?"

"Ndiyo. Kwetu wenye mashamba ya miwa wanafanya hivyo. Kila tairi itakula majerikeni matano. Hapo ni kama umepakia wanaume watatu wanene huku nyuma, na wote wamekaa chini, hawasimami."

Ogwang, mlinzi wa geti, aliyewahi kuwa konstebo chini ya Aol, alisogea kusikiliza. Alisema ameona kwenye simu kwamba Wazungu hutia chumvi.

"Kwao maji yanaganda," Nashon akajibu. "Hapa yatagandia wapi? Chumvi itakula vali na ringi za chuma bure. Maji safi yanatosha."

Maji safi ndiyo yalikuwa shida. Bomba lilikuwa limekatika tangu Jumapili, na tangi la shule lilikuwa la wanafunzi. Aol hakutaka kuligusa. Kulikuwa na pipa la maji ya mvua nyuma ya jiko, hatua kama sitini kutoka trakta ilipoegeshwa, na hatua zote hizo zilikuwa za kupanda. Majerikeni kumi. Ogwang alibeba manne kabla ya kuitwa getini. Aol alibeba sita, moja moja, akipumzika kila hatua kumi na tano, mkono mmoja kiunoni. Kwenye lile la tano aliketi juu yake akalitazama jiji kule bondeni lilivyozibwa na moshi, akawaza kwamba angeweza kulala hapo hapo, ameketi.

Nashon aliinua gurudumu la kwanza kwa jeki, akalizungusha mpaka vali ikawa juu kabisa. Akatoa sindano ya vali, akachomeka mpira mwembamba uliotoka kwenye jerikeni lililowekwa juu ya meza iliyoletwa kutoka jikoni. Maji yakaanza kushuka. Kila baada ya muda aliuchomoa mpira, upepo ukatoka kwa mluzi, akauchomeka tena.

"Tunajaza mpaka usawa wa vali tu," alisema. "Juu tunaacha nafasi ya upepo. Ukijaza yote, tairi inakuwa jiwe. Itakuvunja mgongo."

"Mgongo ulishavunjika zamani," Aol akasema, na wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasio na nguvu ya kucheka.

Waliyamaliza magurudumu yote mawili saa kumi. Kabla ya kuondoka Nashon alimshika mkono.

"Sikiliza, Mama. Sasa ni nzito, kwa hiyo kusimama itachelewa. Ukiteremka, tia gia ndogo mapema. Na ule mteremko wa chini, wenye majani marefu, usiende. Maji yanasaidia, lakini kilima kinabaki kilima."

Kesho yake Aol alijaza beleshi, akaliinua, akavuka mfereji. Nyuma palitulia. Alivuka mara ya pili, mara ya tatu, na bila kujitambua mabega yake yakashuka. Kwa muda wa asubuhi moja alisahau magoti.

Guerschom alikuwa amesimama dirishani akitazama. Saa tano alishuka, ameridhika.

"Madamu Aol! Sasa imekuwa tingatinga. Ukimaliza udongo, funga ile mashine ya kukatia majani, ukate mteremko wa chini. Wazazi wanalalamika kuna nyoka."

Aol alizima injini. Ndipo uchovu wote wa wiki ukamrudia mara moja. Alikuwa amebeba maji yale ili asife. Huyu aliyaona akaona kazi nyingine.

"Pale siendi, bosi."

"Lakini sasa haiinuki."

"Hapa haiinuki. Pale itabiringika, na mimi nikiwa ndani. Fundi mwenyewe amekataza."

"Fundi wa matairi ndiye meneja?"

Aol akachomoa ufunguo, akashuka. Guerschom akamwita Ogwang kutoka getini, akamwambia achukue ufunguo, kwani leseni anayo. Ogwang alikuwa ameomba kuondolewa getini tangu mwaka jana, na wote watatu walilijua hilo. Akaushika ufunguo, akamtazama Aol.

"Afande, wewe umekataa kwa nini?"

"Nenda ukasimame pale juu, uangalie chini. Kisha uamue mwenyewe. Sikuzuii."

Ogwang alikwenda. Alisimama muda mrefu ukingoni, kofia mkononi. Aliporudi aliuweka ufunguo juu ya kiti cha trakta, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Nisamehe, bosi. Nina watoto wanne."

Guerschom alizitia simu mfukoni. Akaenda mwenyewe kutazama, akashuka hatua chache kwenye majani akiwa na viatu vyake vya ofisini, miguu ikamponyoka, akateleza kwa makalio kama mita tatu hadi akashika kichaka. Hakuna aliyecheka. Ogwang alimnyoshea mkono. Guerschom alipofika juu alikaa kwenye jiwe, suruali yote udongo, akaziacha simu zilie.

"Wakurugenzi wananiuliza kila siku," alisema kwa sauti ndogo. "Kila siku."

"Najua," Aol akasema, na ni kweli alijua. "Tafuta watu wenye mafyekeo. Wakikata, mimi nitabeba majani."

Ijumaa walikuja wanawake sita kutoka mabonde ya Makindye, na mafyekeo yao begani. Walikata siku tatu. Aol alikusanya majani juu ya mteremko na kuyapeleka shimoni, safari baada ya safari, gia ndogo. Hakuna aliyemshukuru kwa lolote, wala hakutarajia. Siku ya mwisho alifika nyumbani jua bado lipo, akavua viatu mlangoni, akaketi sakafuni, miguu ameinyoosha. Binti yake Ayaa alimletea chai na kumuuliza kazi ilikuwaje.

"Imekwisha," Aol akajibu, akasinzia hapo hapo ameketi, na chai ikapoa mkononi kabla hajainywa.