Nukta Tatu Nyekundu

Bwenini kwetu, ndoo isiyo na alama ni mali ya umma. Ndiyo maana kila msichana ana chapa yake ya rangi ya kucha, na matroni, aliyeipiga marufuku rangi yenyewe, hujifanya hazioni. Yangu ni nukta tatu nyekundu. Zinaheshimika. Hata wezi wazoefu hunirudishia sahani.

Likizo hii, siku niliyofika nyumbani, nilitia chapa mali zote za familia: birika, friji, kioo cha bafuni, rimoti, vigae vya jikoni, meza ya kulia, hadi kikombe cha mama. Familia yenyewe ni mimi na mama, na mama ni muuguzi wa zamu za usiku katika hospitali yenye upungufu wa kila kitu isipokuwa wagonjwa. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Ataona, atafoka, nitajitetea kwa hotuba niliyoiandaa, atacheka. Tungepata maongezi ya siku nzima.

Mama hakuona. Alirudi asubuhi, akanywa chai kwenye kikombe chenye nukta tatu, akaniuliza, "Umekula, mwanangu?" akasinzia kabla sijajibu. Kesho yake vilevile. Nikavitia nukta viatu vyake vya kazini. Akavivaa, akaenda navyo.

Shule ikakaribia kufunguliwa na hotuba yangu ikiwa bado mdomoni. Mzaha ambao hakuna aliyeucheka ni uchafu tu, nikajiambia, basi niusafishe. Nikaenda duka la vipodozi kutafuta dawa ya kutolea rangi ya kucha.

"Asetoni chupa kubwa?" Muuzaji alinitazama mikono. "Mdogo wangu, kwani una vidole vingapi?"

"Vya kawaida, dada. Nyumba ndiyo imezidisha."

Alicheka mpaka akashika kaunta. Nilizubaa pale dukani muda mrefu kuliko ununuzi ulivyohitaji.

Kazi ilianza kwa ushindi. Juu ya vigae niliweka pamba iliyolowa, nikasubiri rangi ilegee, nikafuta. Kwenye kioo nililaza wembe, rangi ikabanduka kama ganda. Rimoti ilinipa onyo: plastiki ililainika, namba tano ikafutika kabisa. Mwenye busara angeishia hapo. Mimi niliiendea meza, nikaimwagia asetoni kama kigae.

Nukta zilitoka. Vanishi nayo ikatoka. Pakabaki baka jeupe, pana kama sahani.

Mama aliingia nikiwa bado nimeliinamia. Akasimama. Kwa mara ya kwanza likizo nzima, alikuwa anatazama ninachotazama.

"Meza imepatwa na nini?"

"Nilikuwa natoa alama."

"Alama gani?"

Nikampa kikombe chake, ambacho nilikuwa sijakisafisha. Alikigeuza, kisha akainama kutazama viatu vyake.

"Kumbe ni wewe! Wenzangu wodini wananiuliza, nami nawaambia labda ni dawa imenidondokea." Alianza kucheka, halafu akaacha. "Sasa kwa nini kila kitu?"

"Visiibwe."

"Viibwe na nani? Si tuko wawili tu humu?"

"Mmoja," nikasema. "Wewe unapita tu."

Hotuba yote ile niliyoitunga, na kilichonitoka ni hicho.

Mama aliweka mkoba chini. Akaenda jikoni, akarudi na mafuta ya kupikia na matambara mawili, akavuta kiti. "Fuata mistari ya mbao," alisema. "Usizungushe." Tukasugua, yeye upande wake, mimi wangu. Baka likaanza kufifia, au tulijidanganya. Simu yake ikaita. Akaiacha mpaka ikanyamaza. Ikaita tena, akapokea.

"Nani hajafika zamuni?" aliuliza. Akasikiliza. "Haya. Nakuja."

Alisimama mlangoni, mkoba begani.

"Upande wangu usiumalize," akasema. "Niachie."

Nilisugua wangu mpaka katikati ya baka, nikaweka tambara, nikakaa.